Kichwa kimoja, matela mawili: barabara ya Malaba–Kampala ingeyaweza?

#1 MtuWaTororo

Habari zenu. Nyumba yangu iko kando ya barabara kuu, ukitoka Malaba kabla hujaingia Tororo mjini. Jana jioni nilikaa barazani na kijana wangu wa miaka kumi tukawa tunahesabu malori. Chai haijapoa tukafika arobaini na moja, yanayopanda Kampala na yanayoteremka Mombasa. Karibu yote kichwa kimoja, tela moja.

Nikajiuliza. Kule Australia, Northern Territory, kichwa kimoja kinavuta matela matatu, msafara wa mita 53.5. Afrika Kusini na Zambia matela mawili ni jambo la kila siku. Sisi tunang'ang'ania moja kwa nini? Hoja yangu: kila kichwa kikivuta mawili, malori yanapungua nusu. Yakipungua nusu, ajali za msitu wa Mabira na za Bugiri zinapungua, dizeli inaokolewa, na bei ya bidhaa soko la Owino, Kampala, inashuka. Anayeona nimekosea anioneshe nilipokosea.

#2 Dereva_Mkongwe

Mzee wa Tororo, shikamoo. Nimeshika usukani miaka 22, mingi ni Mombasa, Kampala, Kigali, na minne nilivuta interlinki, yaani kichwa kimoja na matela mawili, kutoka Dar kuvuka Tunduma kwenda Zambia. Nakwambia bila kuzunguka: tela la pili halikusikilizi. La kwanza unalihisi kiunoni, hapo ulipokaa. La pili huna habari zake mpaka uangalie kioo.

Siku moja mbuzi alikatiza mbele yangu. Nikavuta usukani kulia kidogo, nikarudisha. Kichwa kilihama kama hatua moja, basi. Nikatupa jicho kwenye kioo nikaona tela la mwisho limevuka mstari wa katikati, kisha likarudi kushoto mpaka matairi yakachota changarawe ya ukingoni. Mkia wa kenge kabisa. Ilikuwa saa nane mchana na hapakuwa na gari linalokuja. Lingekuwepo basi la abiria nisingekuwa naandika hapa. Tangu siku ile mnyama akiingia barabarani nakanyaga breki nikiwa nimenyoosha usukani. Simkwepi.

#3 Boda_Iganga

Hayo ya tela moja tu yanatumaliza. Mnataka kuongeza jingine?

#4 MamaNafaka

Mimi naunga mkono #1, na nasema kama mtu anayetoa hela mfukoni. Napeleka mahindi mpakani Elegu yavuke kwenda Juba. Nalipia lori, silipii kilo. Wakati daraja la Karuma lilipofungwa 2024 kwa matengenezo, malori yakazungushwa kupitia upande wa Pakwach, na kila safari ikawa na siku za ziada na mafuta ya ziada. Nani alibeba gharama? Mama Nafaka. Gunia la juu kabisa lilifika limeota ukungu, nikalifungua mwenyewe kwa mikono yangu, punje zimeshikana kama andazi. Lori moja likiweza kubeba ya malori mawili, nipeni hata leo.

#5 MhandisiLami

Nimefanya kazi za barabara muda mrefu, kwa hiyo niruhusuni nirefushe.

#1, hesabu yako ya nusu haisimami, na sababu haiko kwenye urefu. Iko kwenye uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya 2016, inasema lori zima lisizidi tani 56, hata ulifunge ekseli ngapi. Na kila ekseli ina kikomo chake: ya usukani tani 8, mbili za pamoja tani 18, tatu za pamoja tani 24.

Sasa chukua lori lile lile unaloliona barazani kwako. Ekseli sita: 8, 18, 24. Jumla tani 50. Toa chuma chenyewe, kichwa na tela, tuseme tani 16. Mzigo unabaki tani 34. Haya, funga interlinki ya ekseli saba. Kikomo ni 56. Lakini tela la pili nalo lina chasisi, ekseli, matairi, kwa hiyo gari tupu linakaribia tani 20. Mzigo tani 36. Umeongeza tela zima, matairi, breki na sehemu moja zaidi ya kujikunja, upate tani mbili. Mama Nafaka, hizo tani mbili ni magunia ishirini ya kilo mia. Hazifiki lori la pili hata kwa mbali.

Tena usidhani Afrika Kusini wana siri. Interlinki zao nazo zimefungwa kwenye tani 56 na mita 22. Australia ndiko wanakovuka tani mia, na matela matatu yale hayaingii mjini. Yanafunguliwa nje ya miji, tela moja moja linamaliziwa na kichwa kingine.

#6 MtuWaTororo

Asante mhandisi. Hiyo ya tani 56 sikuijua na naikubali. Basi nibadilishe swali: kama uzito umefungwa, kuna faida yoyote ya tela la pili kwa mtu wa Uganda?

#7 HajiMagodoro

Ipo, na mimi ndiye ushahidi. Biashara yangu ni magodoro na mitungi ya plastiki. Lori langu linajaa mpaka paa halina nafasi ya kuingiza mkono, ukilipandisha mizani halifiki hata nusu ya uzito unaoruhusiwa. Nasafirisha hewa, ndugu zangu. Kwangu mimi urefu ndiyo pesa. Mita tano za ziada ni magodoro mengi sana, na barabara haiumii kwa sababu uzito bado mdogo.

Mhandisi amehesabu kwa saruji na mahindi. Ahesabu pia kwa sifongo.

#8 MhandisiLami

Haji umenena. Kwa mzigo mwepesi hesabu yangu inageuka, nakiri. Ndiyo maana Ujerumani waliporuhusu malori marefu ya mita 25.25, majaribio yakianza 2012 na ruhusa ya kawaida ikaja 2017, hawakuongeza uzito hata kidogo. Waliongeza nafasi tu. Sweden walikwenda njia nyingine: 2009 walianza kujaribu lori la magogo la mita 30 na tani 90, yaani malori mawili yanafanya kazi ya matatu, na dizeli kwa kila tani ikapungua vizuri. Lakini walikuwa na ekseli kumi na moja chini yake.

#9 FundiBreki

Mnaongea habari za uzito na urefu, hakuna aliyegusa upepo. Mimi ni fundi wa breki hapa Malaba. Kila siku matela yanapita chini ya mikono yangu.

Nikueleze jaribio ninalowafanyia matanboi wapya, wale wasaidizi wa dereva. Namkalisha mmoja kwenye kiti cha dereva. Mimi naenda kulala chini ya ekseli ya mwisho, kidole nimekiweka kwenye kile chuma kinachosukumwa na chemba ya breki. Napiga mluzi, yeye anakanyaga. Ekseli ya kichwa inashika papo hapo, unasikia "psss". Kwangu nyuma unahesabu kidogo ndipo chuma kinasogea. Upepo lazima usafiri bomba lote, upite kwenye vali, ujaze chemba. Kwa tela moja lenye mabomba mazima ni kitambo kidogo. Kwa matela mawili, na kiungio kinachovuja pale katikati, kitambo kinarefuka.

Mpe nusu sekunde tu. Lori la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 11 katika nusu sekunde hiyo, na muda wote huo tela la nyuma linasukuma la mbele. Hapo ndipo lori linakunjika kama kisu cha mfukoni. Wazungu wana breki zinazoamrishwa kwa umeme, ishara inafika ekseli zote pamoja. Matela mengi yanayoletwa kwangu, hata waya wa taa umefungwa kwa mfuko wa nailoni.

#10 TanboiMstaafu

#9 umesahau la kukwaza roho zaidi. Kuna madereva wanafunga bomba la breki za tela makusudi, slaki, vile vyuma vya kurekebisha breki, zimeisha na tairi linapata moto, basi anaona heri abaki na breki za kichwa tu afike Kampala. Nimeyaona kwa macho yangu nikiwa tanboi. Nilimwambia dereva wangu, akanijibu, "Unataka tulale hapa Naluwerere?" Tukaenda. Nilikaa na mkono kwenye kitasa cha mlango mpaka Jinja.

#11 Mwalimu_Fizikia

Narudi kwenye mkia wa kenge wa #2, maana ni jambo linalopimika. Tela likiwa na viungo vingi vya kujikunja, mtikiso mdogo wa kichwa unakua kadiri unavyokwenda nyuma. Ni kama watoto wanavyoshikana mikono mstari mrefu na wa mbele anakata kona: wa mwisho ndiye anayerushwa. Tela la nyuma linaweza kupata msukumo wa pembeni mara mbili ya ule wa kichwa.

Lakini inategemea yamefungwaje, na hapa watu wanachanganya vitu viwili. Kuna ufungaji wa doli: tela la pili linakalia kigari kidogo chenye mkono, na mkono huo unavutwa na tela la kwanza. Hapo una viungo vitatu. Na kuna ufungaji ambao tela la pili linakaa moja kwa moja kwenye sahani iliyo mgongoni mwa tela la kwanza. Viungo viwili tu, na matela yanazuiana yasipinduke. Canada walifanya utafiti mkubwa katikati ya miaka ya 1980, wakaona huo wa pili umetulia zaidi, wakaupa ruhusa ya uzito mkubwa kuliko ule wa doli.

Dereva_Mkongwe, ulikuwa unavuta la aina gani?

#12 Dereva_Mkongwe

La sahani mgongoni, mwalimu. Hilo hilo unaloliita limetulia. Na bado lilinionesha kilichomtoa kanga manyoya. La doli silitaki hata kuliona limeegeshwa.

#13 Mwalimu_Fizikia

Nimekuelewa. Kutulia zaidi ya jingine hakuna maana ya kutulia kama tela moja. Mzigo ulikuwaje? Mzigo mrefu kwenda juu nao unachangia.

#14 Dereva_Mkongwe

Magunia ya mbolea mbele, nyuma mashine ndani ya makasha ya mbao, imepanda juu kuliko kichwa changu. Sasa umenipa la kuwaza. Aliyepakia aliweka kirefu nyuma kwa sababu ndicho kitakachoshushwa kwanza.

#15 BintiWaTanga

Samahani niingilie kati. Hapa mnaandika tela, lakini kwa mdomo wengine husema trela, na wa Kampala "treila". Kwetu Tanga ni tela, matela. Jukwaa lichague moja jamani.

#16 TanboiMstaafu

Dada, Uganda sisi tunasema treila na hatujawahi kuchelewa kufika kwa sababu hiyo. Wewe uliyeko Tanga kwenye chungwa tamu, tuachie vumbi letu.

#17 Boda_Iganga

Nilisema maneno machache kule juu, sasa niseme yote.

Mdogo wangu wa mama mkubwa alikuwa boda. Palikuwa na kona mjini ambapo malori yanaacha barabara kuu kuingia ghalani. Lori likasimama, likatanuka kulia ili lipate nafasi ya kukata kushoto. Yeye akaona upande wa kushoto uko wazi, mita tatu nzima, akaingiza pikipiki. Aliyeendesha lori hakuwa na kosa la mwendo, alikuwa anatambaa. Kichwa kilipita mbali naye. Matairi ya nyuma ya tela hayafuati njia ya kichwa, yanakata ndani. Yakaja yakimfuata polepole mpaka kwenye ukuta wa duka. Abiria aliruka. Yeye mguu ulikuwa chini ya pikipiki.

Alikaa hospitali siku tisa. Tulimzika Jumapili.

Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nafasi ile inajifunga. Hakuna mtu anayetufundisha maboda jinsi tela linavyopinda. Ndiyo maana mtu akisema "ongeza la pili" moyo wangu unapasuka.

#18 MtuWaTororo

Pole sana ndugu yangu. Mungu ampumzishe.

#19 MamaNafaka

Pole baba. Nimesoma mara mbili.

#20 MhandisiLami

Pole Boda. Ulichokieleza ndicho hasa kinachotokea, na nataka niongeze kitu ambacho watu hawakitegemei. Kinachokata ndani sana ni umbali kati ya sehemu tela linapojishika na ekseli zake za nyuma. Tela moja refu la futi 40 linaweza kukata ndani kuliko matela mawili mafupi yaliyofungwa pamoja, kwa sababu yale mafupi yanajikunja katikati na kufuata njia ya kichwa. Kwa kona kama ile ya ndugu yako, tela moja refu ndilo baya zaidi. Kwa mkia wa kenge barabara ya kasi, matela mawili ndiyo mabaya zaidi. Gari moja haliwezi kushinda kote kuwili.

Na kona za miji yetu, kuanzia Tororo, Bugiri, Iganga mpaka Mukono, zilijengwa wakati malori bado ni madogo.

#21 MsafiriWaBasi

Mimi swali langu ni la kulipita lori. Napanda basi Mbale–Kampala kila mwezi. Pale Mabira barabara ni njia moja kwenda, moja kurudi, miti imefunga pande zote. Dereva wa basi anachungulia, anarudi, anachungulia. Lori likiwa refu zaidi itakuwaje?

#22 Mwalimu_Fizikia

Tupige hesabu. Lori linakwenda 50, basi linalipita kwa 70. Tofauti ni kilomita 20 kwa saa, yaani mita 5 na nusu kwa sekunde.

Lori la mita 22 badala ya 17: mita tano zaidi, haifiki hata sekunde moja ya ziada. Hiyo kweli ni ndogo. Msafara wa Australia wa mita 53.5: ni mita 36 na nusu zaidi, sekunde 6.6 za ziada ukiwa upande usio wako. Katika sekunde hizo basi lako limekwenda mita 128, na anayekuja mbele kwa mwendo kama huo naye amekwenda 128. Unahitaji barabara tupu ya robo kilomita na zaidi, juu ya ile uliyokuwa unaihitaji tayari. Mabira haina robo kilomita ya kukuonesha.

Kwa hiyo #1, interlinki ya mita 22 na lile dude la jangwani tusiyaweke kapu moja.

#23 MkigaWaKatuna

Nyote mnaongea habari za Malaba hadi Kampala, tambarare. Njooni kwetu Kabale mkaone mlima. Kichwa kinasukuma kwa ekseli mbili za nyuma yake tu, tani 18. Kwenye lori la tani 50 hiyo ni zaidi ya theluthi ya uzito wote. Kwenye lori la tani mia ni chini ya moja ya tano, yaani miguu miwili inavuta watu kumi. Mvua ikinyesha, matairi yanazunguka yakiwa yamesimama, lori linaanza kurudi nyuma. Nimeona la tela moja likirudi hivyo, tanboi anakimbia na jiwe mkononi kulikinga tairi. Jiwe likasagika. La pili likashika.

#24 JiraniWaSalgaa

Na kushuka je? Mimi kwetu ni Kenya, kati ya Nakuru na Eldoret. Salgaa imezika watu wengi mno, na chanzo kimoja kikubwa ni madereva kupiga frii, yaani kutoa gia, kwenye mteremko waokoe dizeli. Injini haishiki, mzigo wote unabaki kwenye breki, breki zinapata moto, zinakataa. Serikali ikaweka ukuta wa zege katikati, lori likikosa breki lisiwafuate wanaopanda. Hakuna tela la pili pale. Ni moja tu, na dereva ambaye dizeli inayobaki ndiyo nyongeza ya mshahara wake.

#25 TanboiMstaafu

#24 umegusa kidonda. Urefu wa tela mnaupima kwa futi, usingizi wa dereva mnaupima kwa nini? Mtu analipwa kwa safari. Akichelewa Malaba hakuna anayemlipa siku hizo. Januari 2022 foleni ya kupimwa korona upande wa Kenya ilikuwa ya kilomita na kilomita, watu wanapika chini ya matela, wanaoga kwa chupa ya maji. Ukishavuka hapo unataka kurudisha muda. Unapitiliza mizani ya Busitema, unapitiliza Iganga, saa nane usiku uko Mabira na macho yana mchanga.

Mimi kwangu hicho ndicho chanzo cha kwanza. Weka tela moja, mawili, kumi, mtu aliyelala ni aliyelala.

#26 FundiBreki

Sikubali. Mtu aliyechoka mwenye breki nzima ana nafasi. Mtu aliyelala vizuri asiye na breki hana.

#27 MsafiriWaBasi

Na yale yaliyoharibika yakaachwa barabarani usiku? Lori limekatika ekseli, limesimama njiani, halina kiakisi hata kimoja. Wanakata matawi wanayatupa nyuma yake. Mchana tawi linaonekana. Usiku tawi lina rangi ya lami. Asubuhi lori limeondoka, matawi yamebaki, anayekuja anapunguza mwendo ghafla na wa nyuma anamvaa. Tulikosa kufa hivyo karibu na Lugazi, basi lilipiga breki nikajikuta nimekumbatia kuku wa mama wa mbele.

Lori la matela mawili likikatikia Mabira, litavutwa na nini?

#28 HajiMagodoro

Hilo nalo neno. Ila niulize: malori mawili yana nafasi mbili za kuharibika, moja lina moja. Au nakosea?

#29 MhandisiLami

Haji, hesabu yako ingekuwa kweli kama matela mawili yasingekuwa na ekseli, mabomba na matairi ya matela mawili. Vichwa ndivyo vinapungua, na ni kweli vichwa ndivyo vinavyoharibika injini. Matairi hayapungui.

Kuhusu barabara yenyewe, wengi wanaamini lori refu ndilo linalochimba lami. Hapana. Lami haijui urefu, inajua kilo za kila ekseli, na inazijua kwa ukali: baada ya jaribio la barabara lililofanyika Illinois, Marekani, 1958 hadi 1960, wahandisi walikubali kwamba uharibifu unakua karibu kwa kipeo cha nne. Ekseli ya tani 10 ukiipakia 12, umeongeza moja ya tano tu, lakini umeila barabara mara mbili. Lori refu lenye ekseli za kutosha ni rafiki wa lami kuliko lori fupi lililozidishwa. Anayeua barabara ni yule anayepita mizani usiku kwa mlango wa nyuma.

Madaraja ndiyo yanajali urefu, na kwa namna isiyotegemewa: uzito ule ule ukitandazwa kwenye lori refu unalemea daraja kidogo kuliko ukikusanywa kwenye fupi. Kabla daraja jipya la Jinja la mita 525 halijafunguliwa Oktoba 2018, mizigo yote hii ilikuwa inapita juu ya bwawa la umeme la 1954. Nilikuwa nasimama pale, unyayo wangu unahisi zege inatetemeka.

#30 MamaNafaka

Na daraja la Katonga je? Mei 2023 maji yalikata barabara ya Masaka pale Lukaya, malori yakazungushwa kupitia Gomba na Sembabule. Nilikuwa na maharage njiani. Barabara za kuzungukia hazikujengewa hata tela moja. Nakiri hapo, lori la matela mawili lingekwama kwenye kona ya kwanza ya udongo, na mimi na maharage yangu tungekaa hapo mpaka yaote.

Lakini bado nataka nauli ishuke. Hilo sijaliacha.

#31 MzeeWaReli

Nimewasoma wote toka juu. Mnatafuta namna ya kufunga matela mengi nyuma ya kichwa kimoja, yasiyumbe, yasikate kona, yenye njia yake peke yake. Ndugu zangu, hiyo ni treni! Reli ilivuka Nile Jinja na kufika Kampala 1931. Baba yangu alifanya kazi humo. Oktoba 2024 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Kituruki, Yapi Merkezi, ijenge reli ya kisasa Malaba hadi Kampala, kilomita 272. Kontena ziende humo, malori yabaki kusambaza kutoka stesheni.

#32 Dereva_Mkongwe

Mzee, reli ya kisasa ya Kenya ilifika Naivasha ikaishia hapo, kontena zikashushwa, na ni sisi sisi tulioenda kuzichukua. Treni haiji mpaka mlangoni kwa Haji. Na sisi tutakula wapi?

#33 MzeeWaReli

Mtakula nyumbani kwenu na watoto wenu kila jioni, mwanangu, kwa sababu safari itakuwa ya saa tatu na si ya siku tano.

#34 Dereva_Mkongwe

Hapo umenishika. Wangu wa mwisho aliniita mjomba nilipofika mwezi uliopita.

#35 HajiMagodoro

Mpaka reli ikamilike mimi nimeshazeeka. Mwalimu, mhandisi, fundi, niambieni kitu kimoja: lori la mita 22, mzigo mwepesi, sahani mgongoni, breki za umeme, halisafiri usiku, haliingii mjini. Hilo nalo mnalikataa?

#36 FundiBreki

Ukiniletea lenye breki hizo nikazipima mwenyewe, mimi silikatai. Ila baada ya mwaka mmoja lirudi nilipime tena. Tatizo letu liko kwenye mwaka wa pili.

#37 Mwalimu_Fizikia

Silikatai, kwa sharti kizito kikae tela la mbele.

#38 Boda_Iganga

Mimi nalikataa. Kuingia mjini litaingia tu. Nani atalizuia saa kumi alfajiri?

#39 MkigaWaKatuna

Kabale lisije.

#40 MtuWaTororo

Nimewasoma wote na kijana wangu amesoma pamoja nami, hii ya Boda nilimsomea mimi kwa sauti. Leo jioni tumekaa tena barazani, ila hatukuhesabu malori. Tulihesabu viakisi. Malori thelathini ya kwanza baada ya magharibi: yaliyokuwa na viakisi vizima nyuma ni kumi na saba. Moja lilikuwa halina hata taa, tulilisikia kabla ya kuliona.

Boda, kijana anauliza: tela likitanuka kulia, mtu wa pikipiki asimame umbali gani?

#41 Boda_Iganga

Mwambie asimame nyuma kabisa, mahali anapouona uso wa dereva kwenye kioo. Asipouona uso, dereva naye hamuoni. Asubiri lori lote lipite kona. Awaambie na wenzake shuleni.

#42 Dereva_Mkongwe

Mzee, Alhamisi alfajiri napita hapo kwako, kichwa cheupe, turubai la bluu. Viakisi vyangu vya nyuma sijavifuta tangu Mombasa. Nitavifuta Malaba kabla sijafika kwa kijana.